Panga chini ya godoro la mtoto wa miaka 15

Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam, anauliza: "Namlea mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana miaka 15, aliacha shule mwaka jana akiwa kidato cha pili. Wiki iliyopita nikitandika kitanda chake nimekuta chini ya godoro panga lililokatwa likawa fupi, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na simu mbili ambazo si zake. Anatoka saa tatu usiku, anarudi alfajiri. Majirani wananong'ona kwamba yumo Panya Road, lile kundi la vijana wanaovamia watu kwa mapanga. Mume wangu anataka tumfunge kamba, tumchape, kisha tumpeleke polisi. Mama mkwe anasema arudishwe kijijini Lindi. Sijamwambia mtu mwingine. Nifanye nini, na je, atafungwa?"

Dada, pole sana, na umefanya vyema kutolisema nje. Jina la mtoto likishatamkwa uwanjani pamoja na maneno "Panya Road", anayelisikia hangoji ushahidi. Wapo vijana waliokufa kwa mawe na tairi kabla hata askari hajafika, na baadhi yao kosa lao lilikuwa kutajwa tu. Hatari iliyo karibu zaidi na mtoto wako leo ni hiyo, pamoja na ile ya yeye kumjeruhi mtu usiku mmoja na maisha ya watu wawili yakaharibika kwa dakika tatu. Vyote viwili vinazuilika, lakini haraka inahitajika, na mpangilio wa hatua una maana kuliko ukali wake.

Panga lenyewe linasema mambo. La shamba au la kufyekea huwa refu, lina udongo, na makali yake yameliwa sehemu moja. Lililokatwa likawa fupi limeandaliwa libebwe mwilini, ndani ya suruali au chini ya jaketi, na mpira kwenye mpini ni wa kuzuia lisiteleze mkononi. Kwa hiyo usijidanganye kwamba ni la kukatia kuni. Lakini pia usihitimishe kwamba ni lake. Katika makundi haya wadogo ndio hupewa vitu kutunza, kwa sababu nyumba ya mtoto wa miaka 15 anayelelewa na shangazi yake haisachiwi kirahisi kama ghetto la kijana wa miaka 23. Kuna tofauti kubwa kati ya mtunzaji, mfuataji na anayekata, na hujui bado mtoto wako yuko wapi kati ya hao watatu.

Vitu ulivyokuta usiviguse tena zaidi ya lazima. Usilioshe panga, usilitupe chooni. Simu usiziwashe, usiweke laini yako, na kwa hali yoyote usiziuze wala kumgawia mtu. Ukifanya hivyo utakuwa umeingia wewe mwenyewe kwenye kosa la kupokea mali ya wizi. Vifunge kwenye mfuko, andika tarehe na mahali ulipovikuta, viweke mahali ambapo yeye hawezi kuvifikia. Kisha, kabla ya kwenda polisi, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa manispaa yako. Ukishindwa kumpata, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, watakuelekeza. Mtafute pia msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 huduma hii inatambulika rasmi na kwa asiye na uwezo ni bure. Ukiwa na hao wawili ndipo mnavikabidhi vitu kituoni, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na mnaomba maandishi ya makabidhiano. Faida ya kuanza na ustawi ni kwamba mtoto hasimami peke yake mbele ya mpelelezi, na maelezo yake hayachukuliwi bila mlezi au afisa kuwepo.

Kabla ya hapo lazima uzungumze naye, na hapa ndipo wazazi wengi huharibu. Usimngoje mlangoni alfajiri. Anarudi akiwa hajalala, pengine amevuta bangi, damu bado inachemka, na kundi lake liko mita 50 kutoka hapo. Mwache alale, aamke, ale. Mkae ubavuni kwa ubavu, mkichambua mchele au mkitembea, maana kijana anayekaziwa macho hujibu kama yuko mahakamani. Mtu mzima awe mmoja. Anza na ulichokiona kwa macho: "Nimekuta panga na simu mbili chini ya godoro lako. Nimeogopa." Halafu nyamaza. Ukimya huo utakuwa mrefu. Usiujaze na mahubiri. Ukipata upenyo, uliza maswali matatu tu. Je, ni vyako au umewekewa? Je, kuna mtu ameumia? Na usipotoka usiku wa leo, nani atakudhuru?

Swali la tatu ndilo linalofungua mambo, na ndilo wazazi hawaliulizi. Wavulana wengi wanaoonekana wamekataa kuacha kundi wanadaiwa. Alikula chipsi za watu miezi miwili, alipoteza simu ya mwenzake, alivuta kwa mkopo, au anajua jambo ambalo wakubwa hawataki litoke. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia "acha marafiki wabaya" unamwambia afanye kitu ambacho kwa hesabu zake kitamletea kisu. Pata kiasi na pata majina ya utani. Usiende kulipa mwenyewe maskani, kwa sababu ukilipa mara moja umegeuka benki yao. Habari hiyo ni ya afisa ustawi, ndiyo itakayoamua kama mtoto anaweza kulala kwako wiki hii au inabidi ahamishwe kwa muda.

Sasa nieleze kidogo kundi linavyofanya kazi, kwa sababu mume wako anamwona mtoto mwenye roho mbaya na mimi napenda aone kitu kingine. Takwimu za uhalifu za nchi nyingi zinaonyesha umbo lilelile: makosa hupanda kuanzia miaka 12 au 13, hufika kilele miaka ya mwisho ya ujana, kisha hushuka. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt mwaka 1993 aliwagawa wahalifu vijana sehemu mbili. Wachache huanza wakiwa wadogo sana, wana historia ya ukatili tangu chekechea, na huendelea ukubwani. Walio wengi huanza wakibalehe na huacha wakishakua. Mtoto aliyefika kidato cha pili, aliyefiwa na baba na shule ikakatika, anaelekea kufanana na kundi la pili. Kazi yako ni kumfikisha hai upande wa pili wa umri huo, bila damu ya mtu mikononi na bila rekodi ya kumharibia maisha.

Na umri huo una udhaifu unaopimika. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao, wengine wakitazamwa na rafiki zao. Watu wazima hawakubadilika sana. Wenye miaka 13 hadi 16 walicheza kwa hatari zaidi kwa wazi mara tu rafiki walipokuwa wanatazama. Ndiyo maana mtoto unayemwona mpole akiosha vyombo asubuhi anaweza kuwa ndiye aliyerusha nondo usiku. Wote wawili ni yeye. Panya Road hawatembei wawili. Wanatembea 15, 20, 30, na wengi katika safu hiyo hawajakata mtu. Wapo kuongeza idadi, ili anayevamiwa asijaribu kupambana. Mtoto mmoja akirudi nyuma anaonekana mwoga, na katika umri huo kuonekana mwoga kunauma kuliko kipigo.

Kipigo hakitamtoa huko. Kundi limeshamfundisha kuvumilia maumivu na kuyahesabu kuwa heshima; kovu jipya atalionyesha maskani. Kumfunga kamba ni kumdhalilisha, na udhalilishaji ndio mafuta ya vurugu hizi. Tarehe 2 Januari 2015, Dar es Salaam ilipofunga maduka kwa hofu ya Panya Road, Magomeni, Sinza na kwingineko, kilichotangulia kilikuwa mazishi: kijana mwenzao aliuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi, na waliotoka kumzika ndio walioingia mitaani. Zaidi ya hayo, mwambie mume wako hivi: siku mtoto atakapoanza kulala nje moja kwa moja, ninyi mmepoteza kitu pekee mlicho nacho, yaani godoro lile na sahani ya jioni. Kuna wazo lingine hupendwa sana, la kumpeleka gerezani akaone wafungwa ili aogope. Marekani walilifanya kwa miaka mingi, na tafiti zilizolinganisha waliopelekwa na wasiopelekwa zikakuta waliopelekwa walifanya makosa zaidi. Msilijaribu.

Umeuliza kama atafungwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kuhukumiwa kifungo cha jela. Kesi yake husikilizwa Mahakama ya Watoto, bila umma kuwepo, afisa ustawi akiwepo, na mlezi ana haki ya kuwepo. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Akinyimwa dhamana wakati kesi inaendelea anatakiwa kukaa mahabusu ya watoto, kama ile ya Upanga, asichanganywe na watu wazima. Shtaka la mauaji huenda Mahakama Kuu, na hata huko aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18 hanyongwi. Chini ya miaka 10 hakuna jinai kabisa, na kati ya 10 na 12 lazima ithibitishwe kwamba mtoto alielewa alichofanya ni kosa. (Kwa msomaji wa Kisauni au Likoni mwenye shida hiihii: Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya 2022, umri huo ulipandishwa kutoka miaka 8 hadi 12.)

Haya yote yanategemea karatasi moja: cheti cha kuzaliwa. Kijana wa miaka 15 mwenye mwili mkubwa akikamatwa usiku, hofu na ubabe humfanya aseme ana 19, na akishaandikwa hivyo anaingia njia ya watu wazima. Tafuta cheti cha RITA leo. Kama hakuna, tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au rekodi ya darasa la kwanza kutoka shule ya msingi. Toa nakala tatu: moja nyumbani, moja kwa msaidizi wa kisheria, moja kwa ndugu mwingine.

Na yeye mwenyewe aambiwe hesabu hii bila vitisho, kama mnavyozungumzia nauli. Leo ana miaka 15. Miaka mitatu ijayo, unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Sheria haiangalii tu aliyeshika panga. Walioingia pamoja kwa nia moja wanabeba kosa moja, hata aliyesimama nje akichungulia njia. Wavulana wengi wanaamini kwamba "mimi sijamgusa mtu" ni kinga. Siyo.

Kuhusu Lindi, mama mkwe hajakosea kabisa. Kumtoa mtoto mbali na kundi hufanya kazi pale anapokwenda kwa mtu, si mahali. Kama kuna mjomba mwenye shughuli yake, anayejua sababu yote ya mtoto kuletwa, aliye tayari kwa miezi sita, na kuna shule au fundi wa kumpokea wiki ileile, mpelekeni. Kama ni kumshusha kwa bibi wa miaka 75 na kumwambia "mkae naye", atapanda basi baada ya wiki nane na kurudi Mbagala akiwa na deni lilelile na sifa mpya ya mtu aliyewahi kufichwa.

Akibaki kwako, pigania saa. Tatizo la mtoto wako linaanza saa tatu usiku na kuisha alfajiri. Mchana analala, kwa hiyo hata shule akirudishwa leo atasinzia na kufukuzwa. Kugeuza usingizi huchukua siku 10 hadi 14. Aamshwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi kila siku hata kama amelala saa tisa, apewe kazi ya mwili kabla ya jua kali, asilale mchana zaidi ya nusu saa. Siku nne za kwanza atakuwa mkali na mchovu. Siku ya tano au ya sita usingizi wa usiku huanza kumkamata wenyewe. Chakula cha jioni kiwe saa mbili, kiwe cha kushiba, na mtu mzima ale naye. Hili linaonekana dogo, lakini chipsi ya maskani ni sehemu ya mshahara wa kundi. Timu ya mpira ni nzuri, ila mazoezi huisha magharibi na hatari huanza baada ya hapo. Kinachotakiwa ni kitu cha kumrudisha ndani usiku, na hakuna kinachorudisha mtu ndani kama kazi ya kesho asubuhi.

Shule bado ipo. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unaruhusu waliokatiza masomo kurejea mfumo rasmi, na aliyeacha mwaka jana hajachelewa. Kama hataki kabisa, ana miaka 15, kisheria anaruhusiwa kazi nyepesi isiyo ya hatari. Mtafutie fundi: seremala, fundi pikipiki, fundi friji. Mchague fundi kuliko ufundi. Nenda saa kumi jioni bila taarifa uone nani wamekaa pale. Karakana nyingine ni vijiwe vyenye spana. Kubalianeni kwa maandishi hela ya kula kwa siku, saa ya kufungua, na kwamba fundi atakupigia simu siku ambayo mtoto hajatokea kabla ya saa tatu asubuhi. Simu hiyo ina thamani kuliko mawaidha ya mwezi mzima.

Jambo jingine linafanyika mdomoni. Monrovia, Liberia, watafiti waliwafuatilia wanaume 999 wa mitaani, wengi wao wezi na wauza dawa, watu wazima wa miaka 18 kwenda juu. Baadhi walipewa mafunzo ya wiki nane ya kutawala hasira, kujiona upya na kufanya mazoezi ya tabia mpya, wengine dola 200, wengine vyote viwili. Waliopata vyote viwili ndio waliopunguza wizi na ugomvi kwa muda mrefu. Baada ya miaka 10 bado makosa yao yalikuwa pungufu kwa karibu nusu kuliko ya wasiopewa kitu. Chicago nako, mafunzo ya aina hiyo kwa wavulana wa shule yalipunguza kukamatwa kwa makosa ya vurugu kwa asilimia 45 hadi 50 wakati yanaendelea. Wewe huna mradi, lakini kiini chake unaweza kukifanya barazani: mazoezi. Mtu acheze rafiki anayekuja kumwita, mtoto ajibu. Mpe sentensi ambazo hazimvunjii heshima: "Fundi anafungua asubuhi na mapema, nikichelewa nakosa hela." "Shangazi anaumwa, mimi ndiye nakaa naye." Arudie mara tano, mara sita, mpaka zitoke bila kufikiri, kwa sababu usiku ule hatakuwa na nafasi ya kufikiri. Vilevile afanye zoezi la kuondoka: kushusha mikono, kurudi hatua mbili, kutaja sababu, kugeuka. Kijana asiyejua namna ya kuondoka bila aibu hubaki, na aliyebaki hushiriki.

Usimwingize kwenye kambi au kikundi cha vijana wenye makosa tu, hata kama ni cha dini na kina nia njema. Wakikusanywa hao peke yao hufundishana. Achanganywe na wenzake wasio na historia hiyo, awe mmoja kati ya kumi.

Kwa uongozi wa mtaa, mwenyekiti ajue, ila ajue kwa mdomo wako na faraghani, akiwa na afisa ustawi. Ukisikia mtaa unapanga kura za siri za kutaja wahalifu, wahi kabla ya siku hiyo. Nimetaja watu wanavyokufa kwa kutajwa. Kura hizo hukusanya chuki za uzio na madeni ya duka pamoja na habari za kweli, na karatasi haisemi ipi ni ipi. Mwombe mwenyekiti majina ya watoto yapelekwe ustawi na polisi kata, yasisomwe mkutanoni wala kukabidhiwa sungusungu.

Jiandae pia kwa kurudi nyuma. Mara nyingi huja kati ya wiki ya nne na ya nane, wakati nyumba imeshapumua: usiku mmoja hatarudi. Usimfungie mlango. Asubuhi yake fanya mambo yaleyale kwa mpangilio uleule: alale kidogo, ale, mkae ubavuni, umuulize nani alimwita na nini kilishindikana katika zile sentensi. Kagua mikono na miguu yake kama ana jeraha jipya, angalia kama ana simu au viatu usivyovijua. Ukikuta damu au silaha tena, siku hiyohiyo mrudi kwa afisa ustawi na aondoke Mbagala kabla usiku haujaingia, hata kama ni kwa ndugu wa Kibaha kwa wiki mbili tu. Usipokuta kitu, mwamshe kesho saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, aende kwa fundi.